Gari Jeupe la Ami Haroub

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende, hawakuwa wakiwasema watoto wachezao peku peke yao. Walikuwa wakiwasema watu wazima wenye akili zao na ndevu zao, ambao huonyeshwa jambo dogo, wakaambiwa kuwa ni baya, nao wakacheka. Mwiba hauna haraka. Huingia kidogo, huuma kidogo, mwenyewe akachechemea siku mbili tatu kisha akasahau, kumbe ndani ya nyama kazi inaendelea mpaka mguu uvimbe matende. Anayebisha na asikilize yaliyompata Ami Haroub wa Mtambile siku ya harusi ya mtoto wa nduguye.

Ami Haroub alikuwa mtu mwenye jina lake kusini mwa Pemba. Alikuwa na mashamba ya mikarafuu, alikuwa na nyumba ya baraza pana, na zaidi ya yote alikuwa na gari jeupe, refu, lenye milango ya kusukuma na viti vya ngozi. Gari lile halikuwa la kazi. Halikubeba gunia wala mgonjwa. Lilikuwa la kupelekea mabibi harusi tu, na mwenyewe hakumtoza mtu hata senti. Alichotaka ni kushukuriwa mbele ya watu. Harusi ikiisha alilikosha, akalifuta, akalifunika turubali bandani, na hapo likakaa miezi na miezi hata ngurumo yake ikasahaulika.

Sasa tairi la nyuma la upande wa kushoto lilikuwa na msumari. Liliuokota katika njia ya shamba huko Ole, siku ya harusi ya watu. Ulikuwa msumari mdogo, nao haukulitoa tairi upepo kwa mara moja, ila ulilipunguza polepole, na kila turubali lilipofunuliwa kwa ajili ya harusi nyingine, tairi lilikutwa limelala chini kama ng'ombe aliyeshiba. Ami Haroub alikuwa akimwita Matano, fundi pancha wa pale Mtambile, aje na pampu yake.

"Mzee Haroub," Matano alimwambia mara ya kwanza, "niachie niling'oe nilizibe. Na kwa hakika ni bora ulitupe kabisa. Tairi likilalia ubavu muda mrefu hukatika kwa ndani, nalo hili na umri limeshakula."

"Nimekwita utie upepo au utie fitina?" Ami Haroub alimjibu. "Tazama meno yake. Jino gani lililotoka hapo?"

Matano akatia upepo, kwani naye ana watoto wa kulisha. Mara ya pili alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu hakusema kitu. Alitia upepo, akachukua brashi, akayapaka matairi yote manne ile rangi nyeusi ya kung'arishia, na Ami Haroub akasimama kando akitabasamu kwa namna yalivyopendeza.

Huko Gombani alikuwako msichana jina lake Yumna binti Silima, na yeye alikuwa wa tabia nyingine kabisa. Baba yake alipofariki alimwachia kigari cha bluu kilichopauka, chenye mikwaruzo ubavuni na kiti kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa gunia. Yumna alikifanya kuwa riziki yake. Aliwabeba wanawake wenzake: wajawazito wanaokwenda kupimwa, bibi vizee wanaokwenda kuhani misiba, na wote walimpenda kwa kuwa ndani ya gari lake waliweza kuvua ushungi wakapunga upepo bila ya kuona haya. Kigari hakikuwa na uzuri wowote, lakini ukitaka kuona kitu kinachotunzwa, uyatazame matairi yake. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Yumna alilizunguka gari. Alibonyeza tairi moja moja, akapitisha kiganja ubavuni hata upande wa ndani usioonekana, akachokoa vijiwe vilivyojibana, akachomeka njiti ya kibiriti katikati ya meno ili ajue yamebaki kina gani. Ya mbele aliyahamishia nyuma yasije yakaliwa upande mmoja, na siku yalipochoka aliyabadili, hata kama macho ya wengine yaliona bado yanafaa.

Majirani walimtania. "Yumna huyasalimu matairi kabla hajamwamkia mama yake."

"Mama hajanibeba tangu niache ziwa," alikuwa akiwajibu. "Hayano yanibeba kila siku."

Mwenye kumposa Yumna alikuwa Jabir, kijana mpole mwenye duka pale Mtambile. Walijuana siku alipomwita ampeleke shangazi yake hospitali, na kuanzia siku ile Jabir akawa na jamaa wengi wa kupelekwa hospitali. Jabir alilelewa na Ami Haroub, ndugu wa babake, tangu baba huyo alipokufa, kwa hiyo neno la ami yake lilikuwa zito juu ya kichwa chake kuliko gunia la chumvi. Siku ya kupeleka posa, Ami Haroub alitoa sharti mbele ya watu wote.

"Mke wa mtu hazunguki na usukani akibeba watu. Siku atakayoingia Mtambile, ufunguo wa kile kigari chake nitauhifadhi mie."

Watu wakamtazama Jabir. Jabir akatazama mkeka. Yumna alikuwa nyuma ya pazia, akayasikia maneno, na akakisikia na kile kimya. Alimpenda Jabir, hilo halikuwa siri, lakini kimya kile hakukisahau. Hakusema ndiyo, hakusema siyo, na wazee wakaandika kwamba amekubali, kama ilivyo desturi ya wazee. Tangu siku hiyo alikuwa akijiuliza swali moja tu: ataingiaje katika ndoa ambayo kauli yake imeachwa mlangoni, na akikataa, atakosaje kumkosa mume?

Siku ya siku ikafika. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri, Yumna akawa mke wa Jabir kwa sheria ya Mwenyezi Mungu. Kilichobaki ni kupelekwa kwa mumewe. Baada ya alasiri gari jeupe likaingia Gombani likiwa limepambwa maua na utepe, na kwenye usukani alikaa Ami Haroub mwenyewe, kanzu imenyooka na kofia imekaa, maana hakumwamini mtu mwingine aliguse.

Somo wa Yumna, yaani kungwi aliyemfunda, alikuwa Bi Mgeni, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na kauli isiyopingwa. Tangu asubuhi alikuwa akimkanya mwari wake. "Leo mdomo uufunge. Bi harusi hasemi, hacheki wala hainui uso. Tazama chini mpaka ufike kwa mumeo, na ukishapanda gari hushuki mpaka mlangoni pake. Kushuka njiani ni mkosi."

Basi Yumna akatolewa nje kwa vigelegele, mikono imejaa hina na piko, ameinamisha uso kama alivyofunzwa. Na hapa ndipo desturi ilipofanya kazi ambayo haikutumwa. Watu wote waliokuwapo walikuwa wakitazama juu, kwenye maua na kwenye viti vya ngozi. Aliyetazama chini alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeliona tairi.

Rangi iling'aa, lakini chini ya rangi ubavu ulikuwa umepasukapasuka kama udongo wa bonde la mpunga wakati wa jua kali. Karibu na rimu palikuwa na nundu, ukubwa wa limau. Kati ya yale meno mazima yaliyokuwa yakisifiwa, kichwa cha msumari kilikuwa kimesuguliwa na barabara hata kikawa cheupe. Yumna akasita. Bi Mgeni akamsukuma taratibu, naye akajikuta ameketi kiti cha nyuma upande wa kushoto, penye kitambaa cheupe cha bi harusi, juu ya tairi lile lile. Wanawake wakajaa: mama yake, shangazi zake, jamaa wa mume waliokuja kumchukua, mpaka gari likalegea nyuma.

Alimnong'oneza somo wake. "Tairi la nyuma bovu."

"Nyamaza," Bi Mgeni alimjibu kwa meno. "Ya gari mwachie mwenye gari."

Yumna akaanza kuipita njia yote kichwani. Aliijua kama anavyoijua nyumba ya mama yake: miteremko ya kuelekea Mtambile, kona zake, lami iliyopigwa jua tangu asubuhi, na uzito wa watu wote hawa. Akawatazama mama yake na shangazi zake wakicheka. Angenyamaza, angesifiwa kuwa bi harusi mwenye adabu, na sifa hiyo labda wangeisoma kwenye hitima yake. Moto ukawashwa.

"Ami," Yumna alisema kwa sauti kamili, "zima gari."

Nyimbo zikakatika. Mtu nje aliuliza ni nani aliyesema, akajibiwa kuwa ni bi harusi, naye akasema hilo haliwezi kuwa.

Ami Haroub aligeuka polepole. "Nani kasema?"

"Mie, ami. Tairi la nyuma la kushoto lina msumari, lina nundu, na ubavu umepasuka. Na watu wote hawa halifiki Mtambile."

Ami Haroub alicheka, kicheko cha kuwachekeshea watu. Akashuka, akalizunguka gari, akalipiga teke tairi mbele ya hadhara. "Haya, njooni mtazame. Meno yote yapo. Asiye kipofu na aseme lipi lililokosekana."

Hapo Yumna akausukuma mlango, akashuka. Wanawake wakashika vifua. Mama yake, Bi Mwanawema, akaita jina lake mara mbili, lakini mwana alikuwa ameshapiga magoti mchangani na nguo zake za harusi, anaifuta ile rangi nyeusi kwa leso yake ya hariri mpaka nyufa zikaonekana na watu wote.

"Ami, tairi si mbuzi hata umri wake ukautazame menoni," alisema. "Tairi huzeeka likiwa limekaa. Hizi namba hapa ubavuni, hizi za mwisho, ni mwaka liliotengenezwa. Mwaka huo Jabir alikuwa bado yuko skuli. Litoe, utie spea, nami nitapanda na hutanisikia tena mpaka kesho."

Vijana wawili wakaenda kufungua buti. Hawakukuta spea. Mahali pake palikuwa na spika kubwa ya muziki, na spea yenyewe ilikuwa imeachwa bandani Mtambile ili spika ipate kuenea. Mtu mmoja akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, kwa sababu Ami Haroub alikuwa mtu wa kuvumilia kila kitu isipokuwa kuchekwa.

"Nisikilize, binti Silima," alisema, mishipa ya shingo imemsimama. "Gari hino imepeleka mabi harusi wa Pemba nzima, na hapana hata mmoja aliyeipigia magoti kuipekua. Weye umezoea kubeba abiria, ukadhani na ndoa ni safari ya abiria. Panda. Usipopanda, nakwenda Mtambile na gari tupu, na huko nitawaambia kwamba bi harusi kamkataa mume. Na usije tena."

Bi Mwanawema akashuka, akamshika mwanawe mkono. "Panda, mwanangu, nakuomba. Usinivunje uso mbele ya watu."

"Mama, uso ukivunjika kwa aibu hupona," Yumna alisema. Machozi yalikuwa karibu, lakini sauti haikutetemeka. Akamgeukia Ami Haroub. "Weye ni mzee wangu na heshima yako iko pale pale. Lakini sipandi. Sipandi mie, hapandi mama yangu, na hapandi yeyote aliyekuja kunisindikiza. Mtambile waambie utakalo."

Wanawake waliobaki garini wakamtazama Bi Mgeni, maana siku ya harusi hakuna mkubwa kuliko somo. Bi Mgeni alikuwa amenuna hasa. Alishuka akigumia, akayakunja yale magoti yake mabovu, akaibonyeza nundu kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Jipu," alisema. "Na limeiva." Akainuka, akajipangusa mikono. "Nyie, shukeni. Nimefunda wari wengi, nikawafunza kuvumilia mambo chungu nzima, lakini sikumfunza hata mmoja kujiua."

Wakashuka wote, hata wale wa upande wa mume. Sikio la kufa halisikii dawa: Ami Haroub akaubamiza mlango, akapiga honi ndefu ya hasira, akaondoka peke yake na maua yake. Watu walibaki wameduwaa, wengine wakaanza kulia kama waliofiwa. Jirani mmoja alisema bora wasubiri wazee wakae, wazungumze, wamwombe radhi, na pengine baada ya wiki mambo yatatulia.

Yumna aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na ufunguo mkononi.

"Unakwenda wapi?" mama yake alimuuliza.

"Kwa mume wangu. Ndoa imefungwa, na mke huenda kwa mumewe. Sijasikia sheria iliyotaja gari."

"Na utaendesha weye? Bi harusi?"

"Yuko mwengine anayezijua breki zake?"

Hakuwako. Yumna akalizunguka gari lake kama kila siku, na nguo zake za harusi zikiburura, akapitisha kiganja chenye hina kwenye matairi yote manne. Safari hii hakuna aliyemtania. Bi Mgeni akakaa mbele, mama na shangazi mmoja nyuma, na kigari cha bluu kikatoka Gombani kikiwa na bi harusi kwenye usukani.

Yumna hakuwa jasiri wa kuchongwa. Aliogopa. Wanja ulikuwa umeshaanza kumchirizika kabla hawajauacha mji wa Chake. Alijua kwamba wakati ule ule Ami Haroub alikuwa mbele yake, na kwamba atakapofika atakuta neno limeshatangulia, na mtu wa kulipinga neno hilo alikuwa mmoja tu, yule yule aliyetazama mkeka siku ya posa. Hata hivyo hakugeuza. Kando ya barabara wanawake waliokuwa wakianua karafuu majamvini walisimama wima, wakaonyeshana vidole. Mzee mmoja juu ya baiskeli aligeuza shingo kumtazama bi harusi dereva, nusura aingie mtaroni. Bi Mgeni mwanzo alijifunika uso kwa aibu. Baadaye akaona hakuna faida, akateremsha kioo na kuanza kuimba mwenyewe zile nyimbo za kumpeleka bi harusi, na shangazi akaitikia.

Waliimba mpaka kwenye mteremko mrefu karibu na kufika Mtambile. Hapo Yumna akakanyaga breki.

Gari jeupe lilikuwa nje ya barabara upande wa kushoto. Lilikuwa limepita juu ya majamvi mawili ya karafuu na kuzimwaga mpaka shambani, kisha likausukumia mnazi ubavu wake. Tairi la nyuma lilikuwa limebaki vitambaa na nyaya zikining'inia kwenye rimu. Mnazi ulikuwa umeingia kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, ukakibana kile kiti chenye kitambaa cheupe mpaka kikakutana na kiti cha pili. Mtu asingeweza kuingiza hata mkono pale. Bi Mwanawema alikitazama kitambaa kile, akamkumbatia mwanawe kwa nyuma ya kiti, akakataa kumwachia.

"Inna lillahi," Bi Mgeni alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Ami Haroub alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, kofia hana, kanzu ina damu, mkono wa kushoto ameubeba kwa mkono wa kulia. Mwenye karafuu alikuwa amesimama mbele yake, ameacha hata kugomba. Ami Haroub alimwona Yumna akija, na kabla hajaulizwa alisema, "Shimo. Kuna shimo hapo barabarani."

Lami ilikuwa nzima mwanzo wa mteremko hadi mwisho. Yumna aliitazama, akamtazama yeye. Moyo wake ulikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa haki yake, lakini yule alikuwa mtu mzima aliyevunjika.

"Sawa, ami. Mkono usiutikise," alisema. Akavua ushungi wake wa harusi, akabaki na mtandio wa chini, akamfunga mkono ukakaa kifuani. Wakamwingiza kiti cha nyuma. Mama na shangazi wakabaki na mwenye karafuu kumsaidia kuzikusanya, na Yumna akaushika usukani kuelekea hospitali ya Mkoani, na njia ya Mkoani inapita katikati ya Mtambile.

Dufu lilisikika tangu mbali. Ukumbi wa harusi ulikuwa kando ya barabara, watu wamejipanga wakilingojea gari jeupe. Badala yake wakakiona kigari kilichopauka, bi harusi kwenye usukani na wanja mashavuni, na nyuma yake Ami Haroub na damu kwenye kanzu. Dufu likanyamaza mkono mmoja mmoja. Jabir akapenya katikati ya watu, joho lake la harusi mabegani, akafika dirishani.

Mzee mmoja wa ukoo akawahi kusema. "Jabir, shika usukani weye mwanamume, umpeleke ami yako. Bi harusi na ashuke aingie ndani, tusitiri yaliyobaki."

Yumna hakuuachia usukani. Alimtazama Jabir, na ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu awe mumewe.

"Ami yako kapasukiwa na tairi, kavunjika mkono," alisema. "Nilimwambia kwetu, hakunisikia, nikashuka. Watu watakwambia mengi, na weye utaamua la kuamini. Lakini gari hino naijua mie, na anayempeleka hospitali ni mie. Unakuja au huji?"

Jabir aliwatazama wazee. Akamtazama ami yake, ambaye naye alikuwa akimtazama, akingoja. Yumna akakiona kile kimya kinarudi, akakaza vidole kwenye usukani.

Jabir akaufungua mlango wa nyuma. "Sogea kidogo, ami," alisema, akaingia akakaa kando yake. Kisha akamwambia yule mzee kupitia dirishani, bila ya kupandisha sauti, "Dereva yupo."

Wakaondoka. Bi Mgeni alikuwa akivuta uradi chini chini, na kila kigari kilipoingia kona, Ami Haroub aliguna na Jabir akamkamata bega. Walipokuwa wameiacha Mtambile mbali, mzee akaita.

"Yumna."

"Labeka, ami."

"Matairi hayano yako ya mwaka gani?"

Yumna akamtajia.

Ami Haroub akauliza tena. "Na zile namba ulisema zasomwa wapi?"

"Ubavuni, karibu na rimu. Nitakuonyesha ukipona." Yumna akabadili gia, kigari kikaanza kupanda mlima. "Na ufunguo, ami, nitauweka mwenyewe."

Ami Haroub alikuwa mkaidi tangu kuzaliwa, na mkaidi hajifunzi kuomba radhi kwa siku moja. Alifumba macho. "Endesha," alisema.

Mkono wake ulifungwa, ukaunga, lakini uliunga umepinda, na mpaka leo haufiki kichwani. Gari jeupe halikusimama tena. Liliuzwa kipande kipande. Mwenye karafuu alifidiwa karafuu zake zote zilizomwagika. Na kama msichana mmoja angekubali kunyamaza, wangezikwa watu ambao asubuhi ile walikuwa wakifukizana udi. Yote hayo ni kwa msumari ambao ungeng'olewa kwa koleo na tundu lake likazibwa kabla chai haijapoa, na kwa tairi lililokwisha kuomba lipumzishwe, mwenyewe akalijibu kwa brashi ya rangi. Wenye kucheka na wacheke, na wenye kupaka rangi na wapake. Mdharau mwiba mguu huota tende.